Liu Thai Ker: Miaka 23 ya Mpangamiji katika Utumishi wa Umma nchini Singapore

Tarehe 18 Januari, 2025 alifariki dunia nchini Singapore Liu Thai Ker, msanifu majengo na mpangamiji, akiwa na umri wa miaka 86. Kati ya mwaka 1969 na 1992 marehemu alitumikia taasisi mbili za Serikali ya nchi hiyo: Bodi ya Nyumba na Maendeleo, inayojulikana kwa kifupi kama HDB, kwa miaka 20, na kisha Mamlaka ya Uendelezaji Upya wa Miji, URA, kwa miaka mitatu. Katika kipindi hicho alisimamia ujenzi wa nyumba za umma zaidi ya nusu milioni na upangaji wa miji mipya zaidi ya 20.

Wapo wanaomwita mjenzi wa Singapore ya leo. Sifa hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, kwa kuwa sheria ya ardhi, chombo cha ujenzi na utaratibu wa fedha vyote vilikuwapo kabla hajaajiriwa. Alichokifanya Liu ni kuvichukua vyombo hivyo na kuvielekeza katika swali ambalo kila mpango wa kuendeleza upya mji hukutana nalo: mwananchi anayebomolewa nyumba yake anakwenda kuishi wapi, kwa gharama ipi, na umbali gani kutoka kazini, shuleni na sokoni?

Mji usio na halmashauri ya jiji

Msomaji aliyezoea mfumo wa Tanzania, ambako mipango miji ni jukumu la halmashauri za majiji, manispaa na miji chini ya usimamizi wa Wizara yenye dhamana ya ardhi, anapaswa kufahamu kwanza tofauti moja. Singapore ni mji na wakati huohuo ni nchi. Halmashauri ya Jiji iliyokuwapo wakati wa ukoloni iliondolewa mwaka 1959 na majukumu yake kuingizwa katika Serikali Kuu. Kwa hiyo shughuli ambazo kwingineko hufanywa na jiji, kama vile kupanga viwanja, kujenga masoko, kuhamisha wachuuzi na kutunza bustani, hufanywa na bodi za Serikali. Ofisa wa HDB wa miaka ya 1970 alikuwa, kwa maana ya kazi zake za kila siku, mtumishi wa serikali ya mtaa mwenye nguvu za wizara nyuma yake.

Nguvu hizo zilihitajika. Mwaka 1960, HDB ilipoanzishwa, Singapore ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6 na sehemu kubwa yao waliishi katika vyumba vya kupanga vilivyobanana katikati ya mji au katika vijiji vya mabanda vilivyoitwa kampong. Taasisi ya kikoloni iliyotangulia, iliyoundwa mwaka 1927, ilikuwa imejenga nyumba takriban 23,000 tu katika uhai wake wote. HDB ilijenga zaidi ya 54,000 katika miaka mitano ya kwanza.

Tarehe 25 Mei, 1961 moto mkubwa uliteketeza makazi ya Bukit Ho Swee. Watu wanne walipoteza maisha na takriban 16,000 walibaki bila makao. Bodi, ikiwa na umri wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja, ililazimika kuwahifadhi waathirika katika nyumba zilizokuwa zinakamilika sehemu nyingine, na wakati huohuo kujenga majengo ya ghorofa juu ya eneo lililoungua. Tukio hilo liliiachia HDB somo la kiutendaji lililoongoza kazi zake zote za baadaye. Kuhamisha watu kunawezekana pale tu nyumba za kuwapokea zinapokuwa tayari. Tangu hapo ujenzi ulianza katika ardhi iliyo wazi au yenye wakazi wachache pembezoni, na ubomoaji wa maeneo yaliyosongamana ukafuata baada ya funguo kugawiwa.

Sheria na akiba ya mfanyakazi

Nguzo mbili zilisimamishwa kabla Liu hajarejea nchini, na bila kuzieleza kazi yake haieleweki.

Ya kwanza ni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1966, iliyoanza kutumika mwaka 1967. Iliipa Serikali mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, ikiwamo makazi na viwanda, na ikaweka mipaka ya fidia ili mwenye ardhi asivune faida iliyoletwa na barabara au mradi wa Serikali yenyewe. Marekebisho yaliyofuata yalikwenda mbali zaidi. Fidia ilifungwa katika bei ya soko ya tarehe 30 Novemba, 1973 au ya siku ya kutangazwa kwa utwaaji, ile iliyokuwa ndogo kati ya hizo mbili. Tarehe hiyo ilisogezwa mbele mara kadhaa baadaye, na malipo ya bei kamili ya soko yalirejeshwa mwaka 2007. Kwa utaratibu huo ardhi iliyo mikononi mwa Serikali iliongezeka kutoka chini ya nusu ya eneo lote la kisiwa hadi takriban robo tatu katikati ya miaka ya 1980.

Haifai kulipita jambo hili kwa haraka. Nyumba nafuu za Singapore zililipiwa kwa sehemu na wamiliki wa ardhi waliopokea chini ya thamani ya mali zao. Serikali ya wakati huo ilikiri kwamba hatua hizo zilikuwa kali na ikazitetea kwa hoja ya ufinyu wa kisiwa: nchi ilikuwa na kilomita za mraba takriban 580 kwa ajili ya kila kitu, kuanzia makaburi hadi viwanja vya ndege. Walioishi kama wavamizi bila hati nao hawakuachwa mikono mitupu. Walipewa kifuta jasho kwa ajili ya mabanda, mazao na mifugo yao, pamoja na kipaumbele katika ugawaji wa nyumba mpya.

Nguzo ya pili ni fedha. Mwaka 1964 HDB ilianza kuuza nyumba kwa wananchi badala ya kuwapangisha tu, lakini wanunuzi hawakuwa wengi kwa sababu wafanyakazi wa kipato cha chini hawakuwa na fedha za kutanguliza. Mwaka 1968 waliruhusiwa kutumia akiba zao katika Mfuko Mkuu wa Akiba, ule ambao mwajiri na mwajiriwa huuchangia kila mwezi, kulipia malipo ya awali na marejesho. Mfanyakazi wa bandarini aliweza sasa kununua nyumba bila kupunguza kile anachopeleka nyumbani kwa ajili ya chakula. Hati ilikuwa ya miaka 99, kipindi ambacho mmiliki wa kiwanja mjini hapa nchini anakifahamu vema.

Mtoto wa mchoraji

Liu alizaliwa tarehe 23 Februari, 1938 huko Muar, katika jimbo la Johor, ambalo leo ni sehemu ya Malaysia. Baba yake, Liu Kang, alikuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa Singapore, na kijana mwenyewe alitamani kufuata njia hiyo. Familia ilimwelekeza kwenye usanifu majengo, fani ambayo ingemwachia nafasi ya kuchora na pia kumpatia riziki. Alisoma katika Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia huku akifanya kazi, kisha akaenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako alihitimu shahada ya uzamili ya mipango miji mwaka 1965. Huo ndio mwaka ambao Singapore ilitengana na Malaysia na kuwa taifa huru.

Baada ya Yale alifanya kazi New York katika ofisi ya msanifu I. M. Pei. Mwaka 1969 alirejea nyumbani na kuajiriwa na HDB kuongoza kitengo cha usanifu na utafiti. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Kutoka kuhesabu nyumba hadi kupanga miji

Hadi wakati huo Bodi ilikuwa imepimwa kwa idadi ya nyumba, na kwa haki, kwa sababu dharura ilikuwa kubwa. Nyumba za mwanzo zilikuwa ndogo, nyingi za chumba kimoja au viwili, na majengo yalipangwa kwa safu zilizofanana. Liu alikuja na swali la aina nyingine: mji mmoja unahitaji watu wangapi ili uweze kujitegemea kwa huduma?

Swali hilo lilihitaji takwimu kuliko michoro. Kitengo chake kilichunguza ni familia ngapi zinahitajika ili shule ya msingi ijae, ili duka la vyakula lisifungwe kwa kukosa wateja, ili soko, maktaba, kituo cha polisi na uwanja wa michezo viwe na sababu ya kuwapo. Majibu yaligeuzwa kuwa vipimo. Mji mpya ulipangwa kwa ajili ya watu wapatao 200,000. Ndani yake kulikuwa na mitaa yenye nyumba kati ya 4,000 na 6,000, kila mtaa ukiwa na soko na maduka yake ya karibu, na katikati ya mji kukawa na kituo kikuu cha biashara na usafiri. Viwanda vyepesi visivyochafua mazingira viliwekwa pembezoni mwa mji uleule, ili baadhi ya wakazi, hasa kina mama, wapate ajira bila kusafiri mbali.

Ang Mo Kio, ulioanza kujengwa mwaka 1973, ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kupangwa kwa vipimo hivyo, ukifuatiwa na Bedok, Clementi na mingineyo. Ndani ya miji hiyo majengo marefu hayakurundikwa pamoja. Viwanja vya nyumba vilipishana na viwanja vya shule, bustani na huduma za chini, mfano wa ubao wa drafti, hivyo mkazi wa ghorofa ya 12 akifungua dirisha aone mbali. Idadi ya watu kwa hekta ilikuwa kubwa, lakini macho hayakuona msongamano wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 vipimo vilishuka chini zaidi. Wataalamu wa elimu ya jamii walishirikishwa kujibu ni familia ngapi zinaweza kufahamiana. Kutokana na kazi hiyo uliingizwa utaratibu wa kugawa mtaa katika makundi ya nyumba 400 hadi 800 yanayozunguka uwanja mmoja wa wazi. Korido ndefu za zamani, zilizopitwa na watu wasiojuana, zilikatwa vipande ili familia 6 hadi 8 tu zishiriki ujia mmoja. Ghorofa ya chini ya kila jengo iliachwa wazi bila kuta. Huko hufanyika harusi za Wamalay, misiba ya Wachina, mchezo wa karata wa wazee na uchaguzi wa wabunge. Mswahili wa pwani angeitambua mara moja kuwa ni baraza.

Wanaohamia

Maisha ya kwanza ya waliohamishwa hayakuwa mepesi. Familia iliyofuga kuku, bata na nguruwe na kulima mboga nyuma ya nyumba ilijikuta juu angani, ikilipa ankara za maji na umeme kila mwezi na bila kitoweo cha bure. Wapo waliojaribu kuhamia na mifugo yao. Wazee waliozoea mlango ulio wazi siku nzima walijifungia kwa hofu ya ngazi na lifti. Mkulima wa umri wa miaka 50 aliyepokea kifuta jasho hakuwa na uhakika wa kupata kazi kiwandani, ambako walitakiwa vijana.

Sera haikuweza kuondoa maumivu hayo yote. Ilichoweza ni kupunguza umbali. Familia zilipewa nafasi ya kuchagua mji wa kuhamia kadiri nyumba zilivyopatikana, na katika miaka ya 1970 ilianza mipango ya kuwawezesha wazazi na watoto waliooa kupata nyumba zinazokaribiana. Wachuuzi wa chakula wa barabarani walisajiliwa, kisha wakajengewa vituo vyenye maji, umeme na mifereji ya majitaka katika kila mtaa mpya. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 15 na kukamilika mwaka 1986. Vituo hivyo ndivyo vinavyowalisha wafanyakazi wa nchi hiyo hadi leo.

Liu aliteuliwa kuwa Mtendaji Mkuu wa HDB mwaka 1979. Muongo uliofuata ulikuwa wa ujenzi mkubwa kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya Bodi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya asilimia 80 ya wakazi walikuwa katika nyumba za umma. Usafishaji wa Mto Singapore, ulioagizwa na Waziri Mkuu Lee Kuan Yew mwaka 1977 na kukamilika mwaka 1987, ulitegemea pia uwezo huo. Familia, karakana na wachuuzi waliokuwa wakimwaga taka mtoni hawangeondolewa kama kusingekuwa na mahali pa kuwapeleka. Mji wa Tampines, uliojengwa chini ya uongozi wake, ulitunukiwa Tuzo ya Makazi Duniani mwaka 1992.

Ukubwa wa kazi hiyo ulizaa pia haja ya kugatua madaraka. Bodi iliyokuwa imejenga nyumba hizo ndiyo iliyokuwa ikibadilisha taa za ngazi na kufagia viwanja vyake, na hali hiyo haikuweza kuendelea. Majaribio yalianza Ang Mo Kio mwaka 1986, na sheria ya mwaka 1988 ikaanzisha Halmashauri za Miji zinazoongozwa na wabunge wa maeneo husika ili kusimamia matunzo ya majengo na mazingira kwa ada za wakazi. Hivyo serikali ya mtaa, iliyoondolewa mwaka 1959, ilirudi kwa mlango mwingine.

Yaliyolazimu kusahihishwa

Ili kubana gharama, lifti katika majengo mengi ya kipindi hicho hazikusimama kila ghorofa. Mkazi alishuka ghorofa iliyo karibu na kupanda au kushuka ngazi kufika kwake. Jambo hilo halikuwa tatizo kwa vijana walionunua nyumba hizo, lakini walizeeka humo. Mwaka 2001 Serikali ilianza mpango wa gharama kubwa wa kuongeza vituo vya lifti katika majengo ya zamani.

Suala la pili ni gumu zaidi. Liu alipenda kueleza kwamba kufikia mwaka 1985 Singapore haikuwa tena na watu wasio na makazi, makazi ya wavamizi, wala mitaa ya kabila moja. Ugawaji wa HDB kwa kweli ulikuwa umechanganya Wachina, Wamalay na Wahindi katika majengo yaleyale. Hata hivyo, mara soko la kuuziana nyumba lilipopanuka, watu wa asili moja walianza kurudi kukusanyika. Tarehe 1 Machi, 1989 Serikali iliweka viwango vya juu vya kila kundi katika kila jengo na kila mtaa. Utaratibu huo upo hadi sasa, na wauzaji wa makundi yenye idadi ndogo wamelalamika mara kwa mara kwamba unawapunguzia wanunuzi na hivyo bei. Uchanganyiko uliodhaniwa kuwa matokeo ya kudumu ya usanifu ulihitaji kulindwa kwa kanuni.

Na majengo yenyewe yalishutumiwa kwa kufanana. Katika miaka ya 1980 HDB ilibadili rangi, mapaa na maumbo ili mkazi aweze kuutambua mji wake kwa mbali.

Miaka mitatu URA

Mwaka 1989 Mamlaka ya Uendelezaji Upya wa Miji iliunganishwa na Idara ya Mipango ya Wizara ya Maendeleo ya Taifa, na Liu akahamishiwa huko kuwa Mtendaji Mkuu na Mpangamiji Mkuu. Mwaka huohuo maeneo ya kihistoria ya Chinatown, Little India, Kampong Glam na mengine yalitangazwa rasmi kuwa ya hifadhi. Taasisi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imesafisha vitalu vya katikati ya mji ili kupisha ofisi na hoteli ilikuwa sasa mlinzi wa nyumba za maduka zenye ghorofa mbili na tatu. Maandalizi ya uamuzi huo yalianza kabla ya Liu kufika, lakini utekelezaji wa awali ulikuwa chini yake.

Kazi yake kubwa URA ni marekebisho ya mpango wa jumla wa matumizi ya ardhi wa kisiwa, uliotolewa mwaka 1991 kuchukua nafasi ya ule wa mwaka 1971. Mpango huo ulikadiria idadi ya watu milioni 4 katika siku zijazo zisizotajwa mwaka. Ulielekeza ofisi na biashara zitawanywe kutoka katikati ya mji kwenda vituo vya kanda vya Tampines, Woodlands, Jurong Mashariki na Seletar, vilivyounganishwa na reli ya mjini iliyoanza kazi mwaka 1987. Hoja ilikuwa ileile ya Ang Mo Kio, kuisogeza kazi karibu na anakolala mfanyakazi, isipokuwa sasa kipimo kilikuwa nchi nzima.

Aliondoka utumishi wa umma mwaka 1992 na kujiunga na kampuni binafsi ya usanifu, ambako alishauri miji mingi, hasa ya China. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2005 aliongoza pia Baraza la Taifa la Sanaa, akirudi kwa namna yake katika dunia ya baba yake. Mwaka 2013, Serikali ilipotoa waraka uliotaja uwezekano wa kisiwa kuwa na watu milioni 6.9 ifikapo mwaka 2030, wananchi waliandamana kupinga. Liu alichukua msimamo ambao haukumpatia marafiki. Alishauri nchi ijipange kwa watu milioni 10 kwa muda mrefu ujao, kwa hoja kwamba makadirio madogo huzaa barabara, reli na shule zisizotosha, na kwamba mpango wa mwaka 1991 ulikuwa umepitwa na idadi halisi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mjadala huo haujafungwa.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Mwaka 2003 idara za kiufundi za HDB zilitenganishwa na kuwa kampuni, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Surbana. Kampuni hiyo ndiyo iliyoandaa mpango kabambe wa Kigali uliokamilika mwaka 2013, na ilishiriki pia kuandaa mipango kabambe ya majiji ya Arusha na Mwanza. Wakazi wa majiji hayo waliowahi kuona ramani zenye vituo vidogo vya kanda, mitaa yenye huduma zake na akiba ya ardhi ya barabara walikuwa wanatazama vipimo vilivyotokana na utafiti wa miaka ya 1970.

Vipimo husafiri kirahisi. Masharti yaliyovifanya vifanye kazi hayasafiri hivyo. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Utwaaji Ardhi mwaka 1967, lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, hivyo njia ya kupata ardhi kwa bei ya chini haipo na haipaswi kutafutwa. Wala hakuna mfuko wa akiba unaowafikia wengi wa wakazi wa mijini, ambao riziki yao inatoka katika sekta isiyo rasmi. Mtaalamu anayesoma mpango kabambe wa jiji lake ana sababu ya kuuliza ni nani atalipa na mpangaji wa chumba kimoja atahamia wapi, kabla ya kuangalia rangi za ramani.

Ang Mo Kio, mwaka 2022

Tarehe 7 Aprili, 2022 HDB ilitangaza kubomoa majengo manne ya Ang Mo Kio, yenye nyumba 606, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 wakati Liu akiwa Bodi. Wakazi walipewa haki ya kununua nyumba mpya katika mji huohuo zenye hati ya miaka 99. Tatizo lilijitokeza kwenye hesabu. Hati zao za zamani zilikuwa zimebakiwa na miaka isiyofikia 60, hivyo thamani iliyolipwa kama fidia ilitosha kwa nyumba ndogo zaidi, au ilihitaji nyongeza ya fedha ambayo wastaafu wengi hawakuwa nayo. Walikuwa wamelipa madeni yao yote na sasa waliambiwa warudi kwenye mkopo au wapunguze vyumba.

Malalamiko yalifikishwa bungeni na kwenye vyombo vya habari. Mwezi Julai mwaka huohuo HDB ilitangaza nyongeza ya masharti: mkazi angeweza kuchukua nyumba mpya ya ukubwa unaolingana na ya zamani kwa hati ya miaka 50, bila kuongeza fedha. Nyumba za kuwapokea zinajengwa Ang Mo Kio Drive, mwendo mfupi kutoka majengo yatakayobomolewa.